Watoto wakija misheni kwa Krismasi: kalenda, mablanketi na pilau ya watu 40

Wanandoa wastaafu wanaokubali kwenda kutumika misheni huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Tukuyu, Makete, Njombe au vijiji vya Iringa, huulizwa swali lilelile na watoto wao kila ikifika Oktoba: "Mama, Krismasi tuje huko?" Waambieni waje. Mzee aliyeacha nyumba yake Dar es Salaam au Morogoro kwa mwaka mmoja na nusu ana haki ya kuwaona wajukuu wake, na usharika nao hufurahi kuona kuwa babu na bibi wa misheni wana watu wao. Ila ugeni huu unahitaji kupangwa, na unaanza kupangwa kwenye kalenda kabla ya jikoni.

Tarehe 24 na 25 Desemba ni za usharika. Hili wanafamilia wengi hawalijui mpaka wafike. Mkiwa mmepewa mitaa miwili au mitatu ya usharika, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, ya kuilea, tarehe 24 jioni mko kwenye igizo la Shule ya Jumapili na ibada ya mkesha, tarehe 25 asubuhi mko kwenye ibada kuu, mchana mnakwenda mtaa wa pili kwa miguu au kwa pikipiki, na jioni kuna wagonjwa wa kutembelewa. Watoto wakija wakidhani kuwa siku ya 25 ni ya familia, watakaa nyumbani na chakula kinachopoa, na ninyi mtakuwa kanisani na roho iko nyumbani. Pande zote mbili zinapata nusu ya kitu.

Ushauri wetu, na hapa hatulegezi, ni kwamba Krismasi ya familia iwekwe tarehe 26 au 27. Tarehe 26 ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo hata wenye kazi hawapotezi siku. Kama usharika wenu hubatiza watoto siku ya pili ya Krismasi, sogezeni mpaka 27. Andikeni jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la familia mwezi wa kumi, kabla mtu hajakata tiketi, na mlieleze kwa maneno haya: tarehe 24 na 25 tunatumika wote, tarehe 26 tunakula wote. Wajukuu wakijua mapema wanakuja wakiwa tayari kubeba viti, kufunga mapambo na kushika taa kwenye igizo. Wakiambiwa wakishafika, wanaona wamenyimwa sikukuu.

Wafike tarehe 21 au 22, wasifike 24. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita kama 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Basi linaloondoka Mbezi alfajiri huingia Mbeya jioni au usiku, na wiki ya Krismasi barabara hiyo hubeba nusu ya watu wa kusini waliomo Dar, wote wanarudi kwao. Tiketi zikatwe mapema, angalau wiki 3 kabla, na ziwe za mfumo wa kielektroniki zenye jina na namba ya kiti. Kukata kwa mpiga debe asubuhi ya safari ndiko kunakoleta habari za kiti kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Treni ya TAZARA watoto huipenda kuliko kitu chochote, lakini ulizeni kwanza kama inabeba abiria msimu huo, na itumieni kwa safari isiyo na tarehe ya kubana, kwa mfano wakati wa kurudi kwa wale ambao bado wako likizo.

Njiani kuna sehemu mbili za kuwatahadharisha wenye gari binafsi. Hifadhi ya Mikumi barabara hupita ndani kwa kilomita kama 50, mwendo una kikomo na kugonga mnyama kuna faini, kwa hiyo wasipite pale gizani wakiwa na haraka. Kisha kuna Mlima Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni. Kona zake huwatapisha watoto waliokula chipsi na soda Mikumi. Watoto wale chakula kidogo, wakae viti vya mbele, mifuko iwe mkononi, siyo kwenye buti. Tena pale Ruaha Mbuyuni na Ilula wanunue vitunguu na nyanya za sikukuu, kwa sababu ndiko vinakolimwa na bei yake haifanani na ya sokoni wiki hiyo.

Kipande cha mwisho, kutoka lami hadi misheni, ndicho kinachowashinda wageni. Desemba huku mvua imeshakolea. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake ukilowa unateleza hata kwa mwenyeji mwenye gambuti. Mara nyingi asubuhi huwa kweupe na mvua hushuka baada ya saa 8 mchana. Kwa hiyo basi likiingia Uyole au Makambako usiku, wageni walale hapo nyumba ya wageni, waje kijijini kesho yake asubuhi. Kulazimisha bodaboda tatu zenye mabegi na mtoto mgongoni saa 3 usiku kwenye utelezi ni kutafuta kuvunjika mguu mkesha wa Krismasi. Wenye gari dogo waliache mjini mahali penye mlinzi, wakodi Noah au kirikuu cha mwenyeji anayeijua njia.

Sasa malazi. Watu wa Pwani hawaamini baridi mpaka waikute. Desemba siyo Juni, lakini Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya bahari, Makete ni zaidi, na usiku wa mvua joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Baridi hiyo ina unyevu, inaingia kwenye shuka. Kila mtu mzima ahesabiwe mablanketi 2 mazito, na watoto wawili wanaolala pamoja wahesabiwe 2 pia. Godoro likiwekwa chini, lisilazwe moja kwa moja kwenye saruji: tandikeni maboksi yaliyofunguliwa au jamvi, kisha godoro, maana saruji hufyonza joto la mlalaji usiku kucha na godoro likiinuliwa asubuhi unalikuta limelowa upande wa chini. Mablanketi yaanikwe mapema, siku yoyote yenye jua kati ya saa 3 na saa 6, yakunjwe na kuwekwa juu ya kitu, siyo sakafuni. Waambieni wageni kila mmoja aje na sweta, soksi nzito na viatu viwili vya kufungika, kwa kuwa jozi moja itakuwa imelowa wakati wote.

Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba cha kulala. Tunaliandika hili kwa uzito wote. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuisikia. Mgeni aliyeshikwa na baridi atalifikiria jiko hilo kwanza, na atalivuta chumbani ninyi mkiwa mmelala. Lisemeni siku ya kwanza, mbele ya wote. Badala yake mpeni chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, aiweke miguuni.

Maji ya kuoga nayo yana hesabu. Ndoo ya lita 10 inamtosha mtu mmoja: lita 3 hadi 3 na nusu za maji yaliyochemka, lita 6 na nusu hadi 7 za baridi. Baridi yatangulie ndooni, moto yafuate, ili mtoto anayechungulia asiungue. Kwa watu 9 mnahitaji lita kama 30 za maji ya moto, yaani masufuria mawili makubwa mekoni tangu saa 11 alfajiri, na kuni kavu ambazo zilipaswa kuwekwa chini ya paa tangu Novemba. Kuni zilizonyeshewa ndizo huchelewesha watu ibadani. Maji ya kunywa, kama ya bomba yanakuja na tope la mvua, yaacheni yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemke kwa nguvu dakika 3. Dakika hizo tatu zina sababu: kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100.

Jambo hilohilo ndilo huwachanganya wakwe na mabinti wanaoingia jikoni na vipimo vya Dar. Maharage huku huchukua muda mrefu zaidi hata yakiwa mapya. Yalowekeni tarehe 23 usiku, chemsheni tarehe 24 mchana, na msitie nyanya wala chumvi mpaka yaive, maana ukali wa nyanya hukaza ganda. Tarehe 25 yanaungwa tu.

Jambo ambalo familia hulisahau ni kwamba nyumba ya misheni haina mlo wa watu wake peke yao siku ya Krismasi. Baada ya ibada watu wanapita kusalimia: wazee wa kanisa, kwaya, watoto wa Shule ya Jumapili, mama mjane anayeishi karibu. Familia ya watu 9 ipike ya watu 40. Kwa pilau, kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 hivi, kwa hiyo kilo 6. Nyama kilo 4 hadi 5, vitunguu kilo 1 na nusu, mafuta lita 1, viazi mviringo kilo 2 kama mnaviweka. Mchele wa Kyela ulionunuliwa Desemba umeshakaa tangu mavuno ya katikati ya mwaka, hivyo unakunywa maji zaidi ya mchele mpya: anzeni na vikombe 2 vya maji kwa kikombe 1 cha mchele, na muwe na maji ya moto pembeni ya kuongeza. Gawanyeni kwenye masufuria mawili ya kilo 3. Sufuria moja la kilo 6 huungua chini wakati juu bado ni mchele mbichi. Maji yakikaribia kukauka, punguzeni moto wa chini, funikeni vizuri na mpalie makaa juu ya kifuniko kwa dakika 20 au 25.

Kama mnapikia gesi, pimeni mtungi kwenye mizani kabla ya tarehe 23. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa mwilini mwake, toeni huo na kinachobaki ni gesi. Mtungi wa kilo 6 uliotumika nusu haubebi pilau mbili, maharage na chai ya watu 40. Umeme wa LUKU nao ununuliwe tarehe 23, pamoja na tochi na kuchaji simu, kwa sababu radi za Desemba hukata umeme na televisheni iliyochomekwa huungua.

Mbuzi au kuku wachinjwe tarehe 24 asubuhi. Hali ya hewa ya ubaridi huwadanganya watu kwamba nyama inaweza kulala. Ichemsheni siku hiyohiyo na chumvi na tangawizi, muirudishe motoni ichemke tena kabla ya kulala, na tena alfajiri.

Kuhusu chakula kuna neno jingine, na sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko vipimo vyote. Desemba ni mwezi wa kupanda na kupalilia. Ghala za mahindi za mwaka uliopita zinaelekea kuisha, hasa Iringa na Njombe, na mavuno yako mbali. Mshirika anayeleta kuku, mayai 10 au debe la viazi kwa babu na bibi wa misheni siku hiyo analeta kutoka kwenye upungufu. Pokeeni kwa mikono miwili, wageni wenu wasimame na kushukuru. Kwa Wanyakyusa neno ni "ndaga". Msikatae kwa kusema mnacho cha kutosha, na msiache wajukuu watupe wali wa kusazwa mbele ya watu. Na kwa kuwa watu wako mashambani alfajiri, msipange shughuli za asubuhi za tarehe 27 au 28 mkitegemea majirani. Afadhali watoto wenu washike jembe wakapalilie pamoja na yule mama mjane mistari michache. Vijana wa mjini hulima vibaya, lakini wanakaribishwa.

Salamu wafundishwe kabla ya kufika. Mtoto anayesema "kamwene" kwa Mhehe au Mbena na kukunja goti kidogo mbele ya mzee amefungua mlango ambao zawadi haifungui. Kwenye ibada wageni wasiwekwe viti vya mbele vya wazee wa kanisa. Wakiombwa wimbo, uwe mmoja na mfupi, kwa sababu kwaya ya pale imefanya mazoezi tangu Novemba.

Zawadi zinaharibu mengi. Mtoto wa familia akifungua gari la betri barazani huku watoto 60 wa Shule ya Jumapili wanamtazama, kazi ya miezi imeingia doa. Zawadi za familia zifunguliwe ndani, siku ya Krismasi ya familia. Watoto wa usharika wapewe kitu kimoja kinacholingana kwa wote au wasipewe kabisa. Kinachofaa zaidi ni daftari 1 na kalamu 1, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari na wazazi wanahangaika na mahitaji hayo. Chukueni idadi ya watoto walioandikwa kwenye daftari la Shule ya Jumapili na muongeze theluthi, maana Krismasi wajukuu wa kijiji kizima huja kwa bibi zao. Zilizobaki mkabidhini mwalimu wa Shule ya Jumapili. Zikipungua, hakuna maelezo yatakayomtuliza mtoto aliyekosa.

Zungumzeni pia habari ya ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi. Huu ndio msimu wake Iringa: asubuhi unakuwa mtogwa, mtamu, na jioni umeshakuwa pombe. Mkwe wenu akionekana kilabuni tarehe 25, maneno yatafika kanisani kabla yake. Mwambieni kwa upole, kwa simu, kabla hajapanda basi, ili asihisi kugombezwa ugenini. Na mkiwa Unyakyusa, kumbukeni heshima ya baba mkwe na mkamwana. Desturi ya kutokaribiana bado ina nguvu kwa wengi, na hata kama familia yenu haiifuati, majirani wanatazama. Mkamwana apewe chumba ambacho njia yake ya bafuni na chooni haipiti mlangoni kwa baba mkwe. Katika nyumba ya vyumba vitatu hili linahitaji kufikiriwa mapema, pengine kwa kuhamishia wazee chumba cha mbele.

Homa ya mtoto aliyetoka Dar isidhaniwe kuwa ni baridi. Malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa, kwa hiyo mtoto anayechemka siku ya tatu Makete amekuja nayo kutoka nyumbani. Aende zahanati apimwe siku hiyohiyo, na muwe mmeshajua ni zahanati ipi ina mhudumu wakati wa sikukuu. Kadi ya bima isisahaulike. Wanaotaka kushuka Kyela na Matema kuogelea Ziwa Nyasa wachukue vyandarua, kule ni joto na mbu wapo.

Kwa siku mbili zinazobaki, msiwapeleke wageni kila mahali. Kitulo, hifadhi tangu 2005 na inayoitwa Bustani ya Mungu, ina maua yake hasa miezi hii ya mvua, lakini iko mita 2,600 na gari la kawaida hukwama. Njia ya kwenda Ziwa Ngosi huteleza, siyo ya bibi. Kwa Iringa, makumbusho ya Kalenga panapotunzwa fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lililorejeshwa 1954 yanafaa kwa nusu siku hata kukinyesha. Sisi tungechagua Rungwe: wakaone mahali wamisionari Wamoravian walipoanzia 1891, wajukuu waelewe kuwa babu na bibi wameingia kwenye kazi ambayo wengine waliianza wakiwa hawana barabara.

Safari ya kurudi iwe tarehe 28 hadi 30, au baada ya Januari 6. Kati ya Januari 2 na 5 mabasi hujaa watu wanaowahi shule na kazi. Tiketi ya kurudi ikatwe siku ileile ya tiketi ya kuja.

Wakishaondoka kuna kazi ya wiki moja. Mablanketi na masufuria mliyoazima kwa washirika yawe na alama ya uzi tangu mwanzo, rangi moja kwa kila nyumba, vinginevyo hamtayatofautisha. Blanketi zito likifuliwa Januari halikauki kwa siku moja, hesabuni tatu, chini ya paa la bati penye upepo. Sufuria lisirudi tupu kwa mwenyewe: sukari nusu kilo au chumvi pakiti moja inatosha, na apelekewe na ninyi wenyewe kwa miguu, mkae kidogo, mpokee uji wake.